Maswali na majibu: stempu za deni kwenye bahasha za zamani

Babu aliacha bahasha yenye stempu ya mfalme na nyingine yenye tarakimu kubwa tu. Hiyo ya pili ni ya nini? (Msomaji, Tanga)

Ni stempu ya deni. Aliyetuma hakulipa nauli yote ya barua, posta ikamdai aliyepokea, na stempu ikabandikwa ili fedha hiyo ionekane kwenye hesabu. Kabla ya hapo karani aliandika tu kiasi kwa kalamu au kugonga muhuri. Ufaransa ilitangulia, 1 Januari 1859, kwa stempu nyeusi ya sentimu 10 isiyo na meno ukingoni. Uingereza ilingoja hadi 1914. Kenya na Uganda zilipata zao 1928, kisha likaja toleo la Kenya, Uganda na Tanganyika mwaka 1935.

Herufi T iliyogongwa kando? (Mombasa)

Ni alama ya posta za kimataifa kwamba malipo yamepungua. Kwa kawaida deni lilikuwa mara mbili ya upungufu. Tuseme nauli ilikuwa senti 20, zikabandikwa 15: mpokeaji alitoa 10. Lakini barua ikiwa imetoka ng'ambo, tarakimu iliyo karibu na T mara nyingi ni sentimu za dhahabu, kipimo cha hesabu cha posta za kimataifa, wala si senti za huku. Posta iliyoipokea ndiyo iliyogeuza kiasi hicho kuwa fedha za huku. Ukipiga hesabu na isilingane, chunguza uzito, chunguza kama barua ilielekezwa anwani nyingine, halafu ujiulize kama kuna mtu aliyebandika stempu baadaye.

Nimezoea kuloweka stempu ili zibanduke. Na hizi nizitoe? (Nakuru)

Hapana, nakusihi! Stempu ya deni ikishabanduliwa haisemi tena nani alidaiwa, kwa nini, wala wapi. Bahasha ndiyo yenye ushahidi: tarehe ya kutumwa, tarehe ya kufika, T, maandishi ya karani, na muhuri uliopita juu ya stempu hadi kwenye karatasi. Mtafiti hujenga jedwali la nauli za miaka hiyo kutokana na mambo hayo hayo. Hata bahasha iliyochanika iache ilivyo. Iweke kwenye mfuko wa plastiki usio na PVC (aina ya plastiki inayoharibu stempu), mbali na jua, na usiitie gundi ya selotepu.

Nimeuziwa stempu ya deni ya Zanzibar isiyo na gundi wala picha ya Sultani. Ni bandia? (Unguja)

Si lazima. Kabla ya toleo la 1936, Zanzibar ilitumia stempu zilizopangwa kwa herufi za chapa tu, maneno ya Kiingereza na kiasi, bila gundi. Mwonekano wake duni ndio unaowavutia waghushi, maana ni rahisi kuigwa. Linganisha herufi na nakala iliyothibitishwa. Ikiwa iko kwenye bahasha, mwonyeshe mjuzi bahasha yenyewe mkononi kabla hujalipa. Picha ya simu haitoshi.