Usikubali shanti bila tarehe ya kurudisha mfupa

Dada, mumeo ametolewa kipande cha fuvu, nawe umeuliza kofia ya kumkinga kichwa, ukauliza kama bamba la titani la kuziba pengo linashinda mfupa wake mwenyewe. Mimi macho yamegandia pale mwisho: Alhamisi anawekewa shanti, yaani mrija wa ndani ya mwili wa kutoa maji kichwani, na habari ya mfupa wa fuvu mmeambiwa "tutaona mbele ya safari". Maneno hayo hayo tuliambiwa sisi kwa mdogo wangu.

Alitolewa kipande cha fuvu baada ya ajali, ubongo ulivimba. Wiki kadhaa baadaye ngozi ya pale ikaanza kututumka, kipimo kikaonyesha maji yamejaa. Akawekewa shanti, uvimbe ukanywea, akaanza kuongea. Tulishangilia. Siku ya kuruhusiwa nikauliza mfupa unarudi lini. Nikajibiwa kwamba huo ni urembo tu, hauna haraka, apate nguvu kwanza.

Urembo! Mtu mwenye koti jeupe ananitamkia hivyo, nami nikampeleka ndugu yangu nyumbani na shanti inayotoa maji na kichwa kisicho na mlango.

Ngozi ikaanza kuzama. Mwanzo kama kiganja kilichokunjwa kidogo, baadaye shimo la kutosha kuweka yai. Akilala linapanda, akiketi linadidimia. Akawa analalamika kichwa kinamuuma kila tukimwinua, akilala anatulia. Kisha kijiko kikaanza kumdondoka mkono wa kushoto. Na sisi tukafanya nini? Tukasema amekata tamaa, anadeka. Mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa namkalisha kwa mito, saa nzima, nikimhimiza afanye mazoezi, yeye analia anataka kulala. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Asubuhi moja nikamwita, hakufumbua macho.

Daktari wa zamu aliyempokea alimlaza chali, akashusha upande wa kichwa, akamtundikia dripu, shanti ikafungwa kwa muda. Akatueleza kwa dakika tano jambo ambalo hakuna aliyewahi kututajia: mfupa usipokuwepo, uzito wa hewa ya nje unakandamiza ubongo kupitia ngozi, huku ndani shanti inapunguza maji yaliyokuwa yanausukuma kutoka upande wa pili. Mgonjwa akikaa wima maji yanashuka kwa kasi zaidi. Ubongo unasukumwa kando, na hali hiyo inaweza kuua. Mfupa uliporudishwa, baada ya wiki chache alishika kijiko tena.

Sikuambii ukatae shanti, maji yakiachwa nayo yanaharibu. Na ubongo ukiwa umetuna, daktari hawezi kuulazimisha mfupa ukae, lazima maji yapungue kwanza. Wengine huyatoa kwa mrija wa muda, wakarudisha mfupa, wakasubiri waone kama shanti bado inahitajika, maana wapo ambao maji hurudia njia yake fuvu likishazibwa. Wengine hufanya yote siku moja, ingawa hapo hofu ya maambukizi huwa kubwa zaidi. Hayo ni ya daktari wa upasuaji kuamua. Lako ni kutotoka chumbani mwake bila tarehe ya mfupa iliyoandikwa kwenye faili, na kuuliza kama vali, kile kidude cha kwenye shanti kinachodhibiti maji yanayotoka, itakuwa ile inayorekebishwa kwa nje bila kupasua tena. Akikwambia urembo, omba kuonana na mwingine.

Akishawekewa, mpige picha kila asubuhi upande ule ule, amelala kisha ameketi. Shimo likizidi, au kichwa kikimuuma akiketi na kutulia akilala, au mkono ukilegea, usimkalishe kwa nguvu. Mlaze, mrudishe hospitali saa hiyo hiyo, na useme mlangoni kabisa kwamba ana shanti na hana mfupa.

Leo ni Jumatatu. Nenda kesho ukaulize hiyo tarehe, usingoje Alhamisi akiwa ameshavalishwa nguo za upasuaji.