Tumemsusia au tumemwekea vikwazo?

SWALI: Shikamoo babu. Mimi ni mkulima wa mahindi huku Kongwa. Msimu huu tumekubaliana kijijini tusimuuzie dalali mmoja anayelazimisha lumbesa: gunia linashonewa kofia juu, debe saba kwa bei ya debe sita. Mwanangu wa kidato cha tatu anasema tumemwekea vikwazo, kama Marekani ilivyoiwekea Cuba. Mie nasema tumemsusia. Nani kapatia?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umepatia wewe. Hakuna aliyewaamuru, na jirani akiuza gunia zake usiku hakuna askari wa kumkamata. Atanuniwa kisimani, basi.

Mtoto labda anadhani kususia ni kukataa kununua tu. Hapana. Waingereza neno lao la kususia wamelitoa kwenye jina la Charles Boycott, msimamizi wa mashamba ya kabaila huko Ireland. Mwaka 1880, katika mgogoro wa kodi ya ardhi, watu walimtenga: vibarua wakagoma kumvunia, wenye maduka wakakataa kumuuzia. Ndivyo mlivyofanya ninyi.

Vikwazo ni amri ya serikali, na ukivunja unashtakiwa. Cuba aliiwekea Rais Kennedy mwaka 1962, lakini mwambie kijana kuna mfano wa hapa jirani. Buyoya alipopindua serikali ya Burundi Julai 1996, wakuu wa nchi za jirani walikutana Arusha wakaifungia biashara. Mwenye duka wa Kigoma aliyezoea kuvusha mzigo hakuulizwa kama anakubali. Vikaondolewa Januari 1999, na mpaka leo inaniuma kwamba mzigo mzito waliubeba raia, walionunua petroli kwa bei ya kuruka.

Afrika Kusini ya makaburu ilipata yote mawili. Juni 1959 Nyerere alihutubia London mkutano ulioanzisha kampeni ya kususia bidhaa zake. Pale kila mama alijiamulia mwenyewe mbele ya tunda dukani. Marufuku ya kuiuzia silaha, ya Baraza la Usalama mwaka 1977, hiyo haikungoja hiari ya mtu.

Sasa nakusihi, msiweke mgambo barabarani kuzuia lori la huyo dalali. Kijiji hakina mamlaka hayo, mtageuka wakosaji ninyi wakati sheria ya vipimo inakataza lumbesa. Tena wahenga walisema ukisusa wenzio wala: msikae na mahindi ndani yaliwe na dumuzi. Kusanyeni gunia, mchangie lori moja hadi soko la Kibaigwa, mzigo ukapimwe kwenye mzani.