Jibu: Matrekta ya marehemu rafiki yangu, nianzie wapi?

Pole na msiba, mkuu. Umesema yapo matrekta tisa pale Karatu, injini za Lister (zile za dizeli za kuendeshea mashine) na rundo la majembe, na familia inataka yauzwe wapate uwanja wao kabla ya masika.

Usianze na mtu wa chuma chakavu. Huyo anapima kilo tu, wakati hayo matrekta ya Massey Ferguson 135 hata yakifa yanauzika spea: difu (gia za ekseli ya nyuma), pampu ya haidroliki, mpaka boneti. Injini ni Perkins ya silinda tatu, mafundi wanaifungua macho yamefumba. Lile trekta dogo la kijivu, kama kweli ni Ferguson TE20, ni ya Coventry, Uingereza, 1946 hadi 1956. Hiyo isikatwe! Futa vumbi kwenye kibao cha namba, piga picha, tafuta mpenzi wa vitu vya zamani.

Injini iliyolala miaka usiipige staata. Toa nozeli zinazopulizia dizeli (plagi, kama ni ya petroli), mimina dizeli yenye oili kidogo kila silinda, iache siku tatu, halafu zungusha puli ya mbele kwa spana, polepole. Ikisogea hata robo mzunguko, bei imepanda. Mimi niliwahi kuivuta moja kwa kamba kwa haraka zangu, nikapinda konrodi (mkono wa pistoni).

Kuhusu hizo Lister, wape taarifa wenye mashine za kusaga. Na kadi za usajili zikiwa na jina la marehemu, anayeuza ni msimamizi wa mirathi, si wewe, hata kama mlikuwa kama ndugu.