Kutoka kazi ya barabara kwenda kazi ya daraja: jibu kwa kijana wa Muheza

Mdogo wangu, umeuliza kama opareta aliyezoea ekskaveta barabarani anaweza kuingia kazi ya daraja huku Pangani bila kurudi chuo, maana umeitwa na unaogopa kuumbuka. Nina miaka 17 kwenye mitambo, tisa ya mwisho kwenye madaraja ya ukanda huu wa Tanga hadi Bagamoyo, kwanza ekskaveta, sasa kreni. Nitakujibu kwa kirefu kwa sababu mimi niliingia bila kuambiwa na mtu.

Mikono unayo, hilo lisikutie hofu. Kitakachokusumbua ni ardhi. Barabarani unasimama juu ya tuta lililoshindiliwa, rola imepita weee. Darajani unawekwa ukingoni, juu ya udongo ulioletwa na mto wenyewe: juu umekauka mpaka umepasuka, chini ni uji. Halafu huku kwetu mto unapokea bahari. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa inapita mita 3, na maji hayo yanaingia ardhini chini ya mashine yako wakati wewe umelala. Pale uliposimama jana salama, leo si palepale.

Nikupe mfano. Mradi siutaji, ila ni daraja la mkondo mmoja wa huku Tanga. Tulikuwa tunapandisha boriti za zege kwa kreni ya tani 50. Miguu yote minne nimeitoa, chini yake tumepanga mataruma ya reli. Siku ya kwanza tulipandisha tatu, hakuna tatizo. Usiku ule bamvua likaja. Asubuhi nikanyanyua ya nne shubiri moja tu kutoka chini, nikaiacha ining'inie, kama nifanyavyo kila mara. Macho yangu yalikuwa kwenye pimamaji ya kabini, ile inayoonyesha kama kreni imekaa sawa. Kile kiputo kikaanza kusogea, taratibu sana, huwezi kuona kama hukikazii macho. Kengele haikulia, kwa sababu mzigo ulikuwa ndani ya uwezo. Kompyuta ya kreni inapima mzigo, haijui tope.

Nikaishusha. Tanboi akainama kuangalia mguu wa nyuma upande wa mto: taruma limezama nusu, na maji ya rangi ya chai yanachuruzika pembeni yake. Msimamizi alikuja juu, kwamba nachelewesha kazi na wakubwa wanakuja mchana. Nilizima injini, nikachomoa ufunguo, nikashuka nao. Tulikula siku nzima kumwaga mawe na kupanga mataruma tabaka mbili zilizopishana, eneo la kila mguu likawa pana mara nne. Boriti zilizobaki zikapanda zote. Kando ya ile ya nne walikuwa wamesimama vijana wawili wa kamba, na mmoja alikuwa na mtoto wa wiki mbili nyumbani. Hadi leo nikiona pimamaji ikicheza nawakumbuka wale.

Jambo la pili ni uzito. Usikubali kuambiwa "hii nyepesi". Zege yenye nondo huwa karibu tani 2.5 kwa mita moja ya ujazo. Boriti yenye ujazo wa mita 8 basi ni tani 20, hesabu ya kwenye kiganja. Na tani 50 zilizoandikwa ubavuni mwa kreni ni pale mzigo uko mita kama tatu tu kutoka kitovu inapozungukia. Ukiusogeza hadi mita 10, kreni nyingi za ukubwa huo hubakiwa na tani kumi na kitu. Jedwali liko kabini, lisome kabla ya kufunga kamba, na pima umbali kwa utepe, sio kwa macho. Kreni usiiguse kabla hujaisomea, VETA, wale wa mafunzo ya ufundi, wapo, na hakikisha yenyewe na vifaa vyake vya kunyanyulia vina cheti cha ukaguzi wa OSHA, wale wa usalama kazini, kisichopitwa na muda.

Lakini wewe utaanza na ekskaveta, na huenda ukapewa matengenezo: kuondoa magogo yaliyonasa kwenye nguzo baada ya masika. Niliifanya sana upande wa Bagamoyo. Weka minyororo iangalie mto moja kwa moja, mota za kuendeshea ziwe nyuma yako, ili ukingo ukianza kumeguka urudi kinyumenyume bila kugeuka. Ukisimama ubavu, ukingo ukienda unaenda nao. Gogo lililobanwa usilivute kwa pupa mkono ukiwa umenyooka wote, linaweza kufyatuka na nguvu ya maji likavuta ndoo. Toa kwanza yale madogo ya juu. Na usichimbe mchanga karibu na nguzo hata ukiambiwa usafishe, maana mto wenyewe tayari unachimba pale chini. Muulize mhandisi kwanza.

Chumvi nayo. Kila jioni osha minyororo kwa maji baridi ya bomba, sio ya mkondo, kisha grisi kwenye pini zote. Waya za umeme za mashine za pwani hufa kwenye viungio, ukitazama utaona unga wa kijani.

Ukifika Pangani, kabla hujaenda saiti pita kwa wavuvi uwaulize bamvua ni lini. Tarehe hizo ziandike kwenye karatasi ubandike kabini. Kisha niandikie hapa mashine uliyopewa ni ya tani ngapi na imesimama wapi, tuendelee.