Jibu: Mashine inacheza kwenye ubao wa nyuma wa boti

Salaam ndugu. Umesema boti yako ya faiba imepata ufa kwenye pembe za ubao wa nyuma, na mashine ya nguvu farasi 40 inacheza hata ukikaza bolti. Usikimbilie kununua bolti ndefu zaidi. Kagua kwanza mbao iliyo ndani ya faiba.

Gonga kwa mpini wa bisibisi kuanzia juu hadi chini. Palipo pazima panalia kavu, palipooza sauti inafifia. Kisha kwa ndani, karibu na bolti za chini, toboa tundu dogo utazame unga unaotoka. Ukiwa mweusi na unashika vidole kama matope, ubao umekwisha, na kupaka faiba juu ya ufa ni kupoteza hela.

Hapo kata ganda la ndani, chimbua mbao yote iliyooza, acha pakauke kabisa (mafundi wengi huharakisha hapa!), ndipo ugundishe plaiwudi ya maji (marine plywood) ya unene uleule. Mimi hutumia epoksi (gundi ya kuchanganya sehemu mbili), inashika mbao na faiba ya zamani vizuri kuliko resini ya poliesta.

Maji huingilia matundu ya bolti. Yatoboe makubwa, jaza epoksi, ikikauka toboa upya saizi ya bolti. Weka bolti za chuma cha pua na washa pana (vibati vya duara vya kukalia bolti na nati).

Kimo cha mashine: bapa lililo juu ya rafadha (propela) liwe sawa na upande wa chini wa boti kwa nje, au inchi 1 chini yake. Mashine ya shafti (mguu) fupi hutaka ubao wa kimo cha inchi 15 hivi, ya shafti ndefu inchi 20. Hukutaja yako ni ipi, tuma vipimo.