Mizizi ya bonsai hutengenezwa chini ya udongo

Miaka sita ya kwanza ya kukuza bonsai, yaani miti inayofanywa ibaki midogo ndani ya chungu, macho yangu yote yalikuwa juu ya mti. Matawi, waya, majani. Nilikuwa na mti mmoja wa jamii ya mikuyu, nimeuotesha mwenyewe kwa mbegu, shina limeshiba na matawi yamepangika. Siku niliyoamua kukwangua udongo wa juu ili mizizi ionekane, nilikuta miwili tu, yote upande mmoja, na mmoja wao umejiviringisha kwenye shina kama kamba. Upande wa pili shina lilizama moja kwa moja udongoni kama nguzo iliyochomekwa jana. Niliumia sana, maana tawi lililokosewa unalikata na jingine linachipua, lakini shina lisilo na mizizi upande mmoja linakudai miaka.

Wajapani wanaiita nebari, ile sehemu ambapo shina linatanuka na kugeuka mizizi juu ya uso wa udongo. Kwangu mimi hiyo ndiyo inayomfanya mtu autazame mti wa sentimita 30 na kuona mti mkubwa wa porini. Na wewe unayeanza leo unaweza kuanza kuijenga ukiwa na mche wa miezi miwili.

Mbegu ikiota hushusha kwanza mzizi mkuu. Ukiachwa, huo ndio utakaonenepa, na ile ya pembeni itabaki nyuzinyuzi. Basi ukate mapema. Mche ukiwa bado laini, ung'oe, weka kwenye kigae na ukate kwa wembe safi kikonyo chake chini ya majani yale ya mbegu, ukiitupa mizizi yote ya zamani. Chomeka kipande cha juu kwenye mchanga wenye unyevu, funika kwa nailoni angavu, weka kivulini. Mizizi mipya hutoka kuuzunguka mkato kama miale. Miche mingine itakufa, kwa hiyo otesha mingi kuliko unayohitaji. Ukiona ni kazi ya roho ngumu, kata tu mzizi mkuu kwa nusu au zaidi unapohamisha mche mara ya kwanza. Nayo inasaidia sana.

Wanaopanda kwa vipande vya matawi nao waangalie mkato. Tumezoea kukata kwa mshazari, na mizizi hupenda kujaa kwenye ile ncha ya chini. Kata mlalo, kwa kifaa kikali kisichoponda gamba, ili mizizi itoke pande zote kwa kimo kimoja.

Sasa kwenye kuhamisha mti, hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Kila unapoufungua mzigo wa mizizi, utakuta mizizi miwili mitatu minene inayotawala na mingi myembamba inayojivuta. Mkono wako utataka kuihurumia ile minene kwa sababu inaonekana mizuri. Fanya kinyume. Minene ikate fupi, karibu na shina. Myembamba iache mirefu. Mzizi mnene ukikatwa hutoa vijizizi kadhaa pale pale kwenye mkato, kwa hiyo unagawanyika na kupungua nguvu, na ile dhaifu inapata nafasi ya kunenepa. Ukirudia hivyo kila unapohamisha, inaanza kulingana. Mizizi yote inayoshuka chini ya shina iondoe, chini pawe bapa kabisa. Inayopishana, inayorudi nyuma kuelekea shina, na ile iliyotoka juu ya wenzake, iondoe pia. Chagua kimo kimoja ushikamane nacho.

Kisha weka chini ya shina kipande cha ubao au kigae. Mzizi unaotaka kushuka utagonga hapo na kulazimika kutanda. Isambaze mmoja mmoja kama miale ya jua, ukiwa na subira. Usiache nafasi kubwa wazi. Ule unaokataa kukaa mahali pake ubane kwa kijiti kila upande. Jaza udongo wa chembechembe, wa milimita 3 hadi 6, usukume kwa kijiti chembamba mpaka kusiwe na uwazi chini ya shina. Chombo kiwe kipana na kifupi. Trei ya kukuzia inatosha. Chungu kizuri cha maonyesho kitasubiri miaka.

Halafu funga mti kwa waya uliopitishwa kwenye matundu ya chini. Niliyadharau haya kwa muda mrefu, na yalinigharimu miti. Mti unaotikiswa na upepo hukata vijizizi vipya kila siku, nawe unabaki kujiuliza kwa nini haukui.

Wakati nao una uzito wake. Miti ya nchi za baridi inayopukutisha majani ihamishe mwishoni mwa majira ya baridi, vichipukizi vinapoanza kuvimba. Miti ya joto, kama jamii ya mikuyu, ihamishe wakati wa joto inapokua kwa nguvu. Misonobari na mireteni usiioshe mizizi yote kwa mpigo; ondoa udongo wa zamani upande mmoja, na upande wa pili usubiri uhamisho unaofuata. Msonobari unaishi na kuvu wenye faida mizizini mwake, na unachelewa kupona ukinyang'anywa wote. Na mti mgonjwa, wa aina yoyote, usiuguse mizizi. Baada ya kazi uweke mahali pasipo jua kali wala upepo, na mbolea ingoje kama mwezi mmoja.

Kinachowaponza wengi ni hamu ya kuona. Wanaifunua mizizi ikiwa bado michanga. Mzizi mchanga ukiachwa wazi, nyuzi zake za kunyonya zinakauka na unenepaji wake unapungua. Ufukie kwa sentimita moja au mbili, uuache unywe na kutoa matawi ya pembeni. Ukishanenepa na kupata gamba, ndipo uuinue kidogo kidogo, milimita chache kila unapohamisha. Nikishaufunua nautandikia kuvumwani, ule utando wa kijani unaoota penye unyevunyevu, angalau msimu wa kwanza.

Jambo jingine ambalo sikulielewa upesi ni kwamba mizizi inalishwa na majani. Ukipogoa juu kila wiki, chini hakunenepi kitu. Katika miaka ya kujenga msingi, acha mti urefuke ovyo. Tena ukiwa na upande wenye mizizi dhaifu, acha tawi moja la chini la upande huo likimbie bila kuguswa mwaka mzima au zaidi, halafu ulikate likishamaliza kazi.

Na upande usio na mzizi kabisa? Kuna njia mbili ninazoziamini. Ya kwanza ni kuunganisha mche wa aina ile ile: chonga mfereji mdogo kwenye kitako cha shina, kwangua gamba la mche upande unaogusana, ubane kwa nguvu, uache uongezeke unene mpaka ushikane, kisha ukate sehemu yake ya juu. Ya pili ndiyo iliyouokoa mkuyu wangu, nayo ni kuotesha mizizi mipya juu ya ile mibaya. Nilibandua pete ya gamba kulizunguka shina, upana wake mara moja na nusu ya unene wa shina lenyewe. Nikakwangua ule utelezi wa kambiamu, tabaka hai lililo chini ya gamba, mpaka kwenye mti mkavu, maana ukibaki, gamba linajiunga tena na mizizi haitoki. Nikafunga makumbi ya nazi yaliyolowa na kukamuliwa, nikayazungushia nailoni na kukaza juu na chini. Ukingo wa juu wa jeraha ndio unaotoa mizizi. Ilipoonekana imejaa ndani ya nailoni na kuanza kuwa kahawia, nilikata shina chini yake na kuupanda juu ya kigae. Ilitoka mizizi kumi na mmoja. Nikaacha tisa.

Tisa hiyo haifanani, na siitaki ifanane. Napenda mmoja au miwili iwe minene upande ambao shina limeinamia kinyume chake, kana kwamba ndiyo inayoushikilia mti usianguke. Ule unaomwelekea mtazamaji moja kwa moja huwa naukata mpaka ugawanyike mara mbili.

Kila unapohamisha mti, kabla ya kufukia, piga picha ya mizizi kutoka juu na uandike tarehe. Ukishafukia utasahau ni upi ulioukata na ni upi uliousamehe, na uhamisho ujao uko mbele kwa miaka miwili au mitatu.