Kano ya goti imekatika: upigwe kisu au ufanye mazoezi?

Picha ya MRI ikishasema ACL imekatika, wengi huanza kuulizia upasuaji siku hiyohiyo. Hiyo ni haraka isiyo na faida. ACL ni kano ya ndani ya goti inayozuia mfupa wa muundi usiteleze kwenda mbele na usijizungushe kupita kiasi. Picha huonyesha kilichokatika, lakini haikuambii goti lako litafanyaje kazi bila hiyo kano. Wapo wanaokimbia na kubeba mizigo miaka mingi bila shida, na wapo wanaoanguka kwa kugeuka tu kuitika jina.

Kwanza tuwatoe wasiotakiwa kusubiri. Mguu ukipoa, ukibadilika rangi au unyayo ukifa ganzi baada ya kuumia, kimbia hospitali saa hiyohiyo, maana huenda mshipa mkubwa wa damu ulio nyuma ya goti umeumia. Goti lililokwama lisinyooke, kwa sababu kipande cha meniskasi (gegedu inayokaa kati ya mifupa) kimejipachika katikati, nalo linahitaji daktari wa mifupa mapema. Vivyo hivyo kano zaidi ya moja zikikatika, hasa za upande wa nje. Ile ya upande wa ndani ikiumia peke yake kwa kawaida hujiunga yenyewe.

Kwa waliobaki, wiki za mwanzo ni zilezile, uwe unaelekea chumba cha upasuaji au la: punguza uvimbe, nyoosha goti hadi mwisho, amsha msuli wa mbele wa paja. Weka kisigino juu ya taulo lililokunjwa, goti lining'inie bila kitu chini yake, dakika 10, mara 3 au 4 kwa siku. Kisha kaza paja sekunde 5 na uachie, tena na tena, mpaka uweze kuinua mguu mzima ukiwa umenyooka bila goti kujikunja. Mto chini ya goti unaleta raha usiku, lakini ndio unaofanya goti lizoee kujikunja. Na goti likipasuliwa likiwa bado limevimba na halinyooki, makovu hujijenga ndani na ugumu ukabaki.

Baada ya hapo lipe goti miezi 3 ya mazoezi ya kweli: kuchuchumaa na uzito, kupanda kidato cha ngazi kwa mguu mmoja, msuli wa nyuma ya paja, kusawazisha mwili, na mwishoni kuruka na kutua. Mara 2 au 3 kwa wiki, uzito ukiongezeka. Kunyoosha mguu hewani ukiangalia simu hakuhesabiki.

Katika kipindi hicho andika kila mara goti linapokuacha, yaani linapolegea ghafla, na ulikuwa ukifanya nini. Hapa ndipo watu hujidanganya. Goti linalokunjika ukishuka ngazi mara nyingi ni udhaifu wa paja, na huisha nguvu ikirudi. Goti linalokuacha ukigeuka, mifupa ukiisikia ikipishana, kisha likavimba, hilo linalilia kano. Hili la pili likijirudia wakati paja limeshapata nguvu, nenda kwa mpasuaji. Kila linapoteleza linasaga meniskasi, na meniskasi iliyosagika hairudi.

Utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 2010 uliwafuata vijana 121 waliokuwa wameumia karibuni. Baada ya miaka 2, walioanza na mazoezi walikuwa na hali sawa na waliopasuliwa mapema, ingawa 23 kati ya 59 walikuwa wameshaomba upasuaji. Kuanza na mazoezi hakukuwafungia mlango. Lakini utafiti wa Uingereza wa mwaka 2022, kwa watu 316 ambao magoti yao yalikuwa yakiwasumbua kwa muda, uliona upasuaji ukifanya vizuri zaidi. Kwa hiyo jeraha bichi lijaribu kwa mazoezi kwanza. Goti lililokuacha kwa miezi mingi usiliongezee subira.

Mchezo nao una neno. Baiskeli, kuogelea na kukimbia mbele moja kwa moja huvumilia goti lisilo na ACL. Soka na mpira wa kikapu, vyenye kukata kona ghafla, ni vigumu zaidi.

Ukiamua kisu, uliza kano mpya itatoka wapi, kwa kuwa ya zamani kwa kawaida haishonwi. Huwekwa nyingine kutoka nyuma ya paja, juu ya pia ya goti au chini yake. Ikitolewa chini ya pia, kupiga magoti huweza kuuma kwa muda mrefu, jambo zito kwa fundi wa vigae. Jihadhari na wiki ya 6 hadi ya 12: maumivu yameisha, lakini kano mpya ndiyo kwanza iko dhaifu kabisa. Kurudi uwanjani ni baada ya miezi 9 angalau, nguvu ya paja ikiwa imefika asilimia 90 ya ile ya mguu usioumia. Na nguvu ya huo mguu usioumia ipimwe kabla ya upasuaji, kwa kuwa nao hudhoofika ukikaa, na 90 ya mguu uliodhoofika ni namba ya uongo.